Abiria Wasio na Tiketi

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa kliniki amenitaka niandike maumivu yangu kila siku kwa namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Nimejaribu, na namba hazinitoshi. Leo ingekuwa tisa. Lakini tisa haisemi kwamba nilisimamisha gari katikati ya mzunguko wa sokoni, saa ya msongamano, na mwanafunzi akiwa kwenye usukani. Kwa hiyo nitaandika ninavyotaka, na nesi atajua mwenyewe pa kusoma.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Gari letu la shule lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yangu, upande wa abiria. Mwanafunzi wa leo alikuwa Bwana Mikate, mwenye tanuri la mikate mtaa wa pili, mtu mzima mwenye mikono mikubwa na woga mkubwa kuliko mikono. Mtihani umemshinda mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu ya mzunguko. Leo aliingia vizuri kabisa. Akatazama kulia na kushoto, akabadili gia, akaingia kama mtu mwenye leseni yake. Ndipo yale maumivu yakanishika chini ya kitovu, upande wa kushoto, mguu wangu ukajinyoosha wenyewe, gari likakita palepale. Honi za waliokuwa nyuma sitaziandika.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?" akauliza, jasho linamtiririka.

"Hujakosea."

"Sasa mbona umefunga breki?"

Ningemwambia nini mwanamume wa watu? Nikasema gari lina hitilafu. Akaturudisha ofisini kwa gia ya kwanza, njia nzima akitega sikio kuusikiliza mlio wa injini.

Jumanne, 4 Machi

Nane. Chupa ya maji ya moto, kitanda, ukuta.

Jumatano, 5 Machi

Tano. Mvua bado. Mume wangu anafanya kazi kituo cha hali ya hewa, na wiki iliyopita walitangaza kwamba msimu unaanza. Mtaa mzima unamtazama kana kwamba aliahidi kuileta mvua mwenyewe kwa baiskeli. Wanamwita Mtabiri. Nami namwita hivyohivyo, ila mimi huwa natabasamu.

Alhamisi, 6 Machi

Tumekwenda kwa daktari bingwa, mpasuaji. Ni mwanamke wa makamo, anaongea haraka, na mezani kwake ana mfuko wa uzazi wa plastiki uliopoteza ovari moja. Mahali pa ovari ile ameweka kifuniko cha kalamu. Kifuniko kipo kushoto. Nilikitazama mazungumzo yote.

Ugonjwa unaitwa endometriosisi. Alivyonieleza ni hivi: utando laini uliopo ndani ya mfuko wa uzazi, mwenzake ameota nje, mahali pasipo pake. Kila mwezi ule wa ndani ukitoa damu, na huu wa nje hutoa, lakini damu yake haina mlango wa kutokea. Inakaa humo, inawasha moto, inagandisha viungo visivyopaswa kushikana. Kwenye ovari yangu ya kushoto kuna uvimbe uliojaa damu ya zamani, ukubwa wa limau. Ovari ya kulia imenata nyuma ya mfuko wa uzazi.

Nimeolewa miaka mitano, na karibu yote tumekuwa tukitafuta mtoto. Hedhi yangu ina adabu moja tu: hupiga hodi. Siku mbili kabla, kiuno kinaanza kuuma kama kinachomwa, na hapo najua kwamba mwezi huu pia hapana. Sijawahi kuhitaji kipimo. Nilipomwambia daktari hivyo aliitikia kwa kichwa, akaandika.

Mtabiri akauliza asilimia. Nilijua atauliza.

"Upasuaji si dawa ya mtoto," daktari akasema. "Unasafisha njia. Wapo wanaoshika mimba wenyewe ndani ya mwaka wa kwanza, wapo wasioshika. Maumivu ndiyo nina uhakika zaidi kuyapunguza. Ila kuna jambo mnielewe. Nikiondoa huo uvimbe, mayai kadhaa yataondoka nao, hata nikiwa mwangalifu vipi. Na vipimo vya damu vinaonyesha akiba yako ya mayai si kubwa."

Kisha akanigeukia mimi peke yangu. "Nikiingia nikakuta ovari ya kushoto imeharibika sana, niitoe au nihangaike nayo? Nikiitoa, huenda maumivu mengi yakaenda nayo. Nikiiacha, unabaki na nafasi, na huenda unabaki na maumivu. Nataka jibu lako kabla sijakulaza."

Nikasema nitafikiri. Nje Mtabiri alifungua mwavuli, na hakukuwa na mvua.

Jumapili, 9 Machi

Imenyesha. Majirani wamemsamehe.

Jumatano, 12 Machi

Bwana Mikate ameuliza kama gari limepona. Nimesema linasubiri fundi. Leo amekataa kabisa kwenda upande wa sokoni, tumezunguka uwanja wa mpira hadi nikasikia kizunguzungu.

Ijumaa, 14 Machi

Tumegombana. Nitaandika kwa utaratibu ili nisijipendelee.

Tulikuwa tunakula. Nikamuuliza, "Aitoe au aiache?"

"Mwili ni wako," akasema.

"Hilo nalijua. Nakuuliza wewe."

"Mimi nitakubaliana na utakaloamua."

Nikamwambia asinisomee taarifa ya hali ya hewa. Kila siku kuna uwezekano wa hiki, kuna dalili za kile, halafu mwavuli anabeba mtu mwingine. Hilo lilimuuma, nililiona likimuuma, na nikaendelea kula.

Akaweka kijiko chini. "Unataka jibu langu au jibu unalolitaka?"

"Lako."

"Basi aitoe. Nimechoka kukukuta umejikunja sakafuni bafuni na huniiti. Huyo mtoto simjui. Wewe nakujua."

Mke mwingine angeguswa moyo. Mimi nilisikia mlango ukifungwa. Nikamwambia kumbe ameshakata tamaa zamani, anangoja tu mimi nimalizie. Akaondoka na koti la mvua, akasema anakwenda kusoma kipimo cha mvua kituoni. Haikuwa zamu yake.

Nimeosha vyombo vyote, na sufuria zilizokuwa safi nazo nimeziosha.

Jumanne, 18 Machi

Mama mkwe amepiga simu. Kwa kawaida simu yake huanza na swali moja, hata salamu hazijaisha: "Kuna habari?" Na habari ni moja tu duniani. Mimi hujibu hakuna, yeye husema haya, tunahamia kwenye bei ya vitu. Leo hakuuliza. Aliomba kuongea na mwanawe, akaongea naye kwa sauti ya chini. Sijapenda.

Ijumaa, 21 Machi

Sasa najua. Mtabiri alimweleza mama yake kwamba ninafanyiwa upasuaji wa uzazi, akaishia hapo kwa aibu. Mama akajaza yaliyobaki mwenyewe: ninakwenda kutolewa kizazi. Basi leo kateremka kwenye basi na sanduku lililolowa, mguu mmoja wa kiatu umejaa matope, akasimama sebuleni bila kukaa.

"Nimekuja kuzuia," akasema.

Mama mkwe alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni hadi alipostaafu. Hajawahi kuamini neno la mtu bila kuliona kwa macho. Na miaka mitatu iliyopita, nilipomweleza maumivu yangu, alinijibu kwamba maumivu ya mwezi ni ya kila mwanamke, nijikaze tu, kulegea ndiko kunakoyazidisha. Tangu siku hiyo sikumwambia kitu. Kwa hiyo nilikuwa na sababu zangu za kumwacha asimame hapo hapo na sanduku lake.

Lakini alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na analia vibaya, kama mtu ambaye hana mazoezi.

"Hawatoi kizazi, mama," nikasema. "Kaa kwanza."

Nikamweleza kama daktari alivyonieleza, utando wa ndani na utando wa nje. Akatikisa kichwa, hakunielewa. Nikajaribu tena. "Chukua behewa. Kuna abiria wa ndani, wana viti vyao, wana haki yao. Sasa kuna wengine wamepanda juu ya paa, wengine wameng'ang'ania madirisha, wengine wamekaa kwenye injini."

Uso wake ukabadilika. "Wasio na tiketi!"

"Ndio hao."

"Wanaharibu kila kitu hao. Wanavunja vioo, wanang'oa nondo. Basi washushwe!"

"Ndicho wanachokwenda kufanya."

"Na behewa?"

Hapo nikaketi na mimi. Kwa sababu hilo ndilo swali la daktari, na nilikuwa nimelikwepa wiki mbili. Nikamweleza habari ya ovari ya kushoto. Alisikiliza hadi mwisho, akavua kile kiatu chenye matope.

"Mimi siwezi kukuamulia," akasema. "Nimekuja mbio kuamua, kumbe sikujua hata ninachokiamua."

Jumapili, 23 Machi

Nimeamua. Aiache, isipokuwa kama kuiacha kutahatarisha uhai wangu. Nimeyazoea maumivu, tumejuana. Kutokujua kama ningeweza kupata mtoto, hilo sitalizoea.

Nimemwambia Mtabiri tukiwa tunaanua nguo. Amesema sawa. Halafu akasema, "Sijakata tamaa. Naogopa tu. Ni vitu viwili." Ameanua shati moja mara tatu.

Jumatatu, 24 Machi

Upasuaji ni kesho. Maji tu tangu mchana. Mama mkwe amefunga na mimi, ingawa hakuna aliyemwomba. Ana njaa na ana hasira.

Jumanne, 25 Machi

Nesi aliniuliza jina langu, ninafanyiwa nini, upande gani. Nikajibu kila kitu. Mpasuaji akaja na kofia yake ya kijani, nikamwambia, "Usiitoe." Akasema, "Nimesikia." Nikamwambia tena. Dari la chumba kile lina taa saba na moja haiwaki.

Jumatano, 26 Machi

Nina matundu manne tumboni, madogo, kila moja na plasta yake. Linaloniuma zaidi ni bega. Nilidhani wamenilaza vibaya, kumbe ni gesi wanayojazia tumbo ili waone vizuri. Inapanda hadi begani. Mama mkwe hajaamini. Amemwita nesi aje kulieleza bega.

Ovari ipo. Mpasuaji alipita asubuhi nikiwa bado nimelewa dawa, akasema mengine nitaelezwa kliniki, lakini ovari ipo. Nilimwomba arudie. Akarudia. Mtabiri alikuwa ameshika mguu wangu kupitia shuka, na alipolisikia hilo alikwenda dirishani akatazama mawingu muda mrefu, na mawingu yenyewe hayakuwepo.

Alhamisi, 27 Machi

Nimerudi nyumbani kwa teksi. Mume wangu hajui kuendesha gari. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilijaribu kumfundisha na tukaona bora ndoa ibaki. Dereva alikuwa kijana mwenye haraka, na kila alipokaribia gari la mbele mguu wangu wa kulia ulikandamiza sakafu, na kila nilipokandamiza mshono ulivuta. Nilishindwa kujizuia. Kufika daraja la pili machozi yalikuwa yananitoka.

"Dada," dereva akasema, "huko hakuna breki."

Mama mkwe, nyuma, akamwambia, "Basi tumia yako."

Jumapili, 30 Machi

Hedhi imekuja, kali, tisa na nusu. Daktari alionya kwamba ya kwanza baada ya upasuaji haihesabiwi. Mimi nimeihesabu. Mama mkwe amekaa nami bafuni, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alinishika paji la uso nilipotapika. Aliona mwanzo hadi mwisho, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake ameiona bila mimi kuificha.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kubwa. Barabara ya kituoni imejaa maji, Mtabiri ameingia na suruali mkononi.

Siruhusiwi kuinua kitu kizito kuliko birika. Mama mkwe anatekeleza sheria hiyo kwa ukali wa kazi yake ya zamani. Leo amenipokonya mto.

Jumatatu, 7 Aprili

Jirani wa mbele amekuja kunijulia hali, akakaa, akanywa chai, akasema, "Sasa wameshakusafisha, mwaka huu hatutaki visingizio, tunataka mtoto." Alisema akicheka. Ni mtu mwema, ndivyo watu wanavyosema. Nikawa natafuta cheko la kumrudishia, lile ninalolitumia siku zote.

Mama mkwe alikuwa anapiga pasi. Hakugeuka. "Wewe jirani," akasema, "ulizaa wangapi?"

"Wanne, mama."

"Kuna aliyekaa kwenye kochi lako akakuhimiza?"

Chai ikaisha haraka. Nilijua mama mkwe ametoka kumjibu mtu ambaye hadi mwezi uliopita alikuwa ni yeye mwenyewe. Nadhani naye alijua, maana alipiga pasi kola ile ile hadi ikakaribia kuungua.

Alhamisi, 10 Aprili

Kliniki. Tumeingia watatu. Daktari alitaka mtu mmoja, lakini mama mkwe hakuwa ameulizwa tiketi na hakuona kwa nini atoke.

Walipiga picha ndani ya tumbo langu wakati wa upasuaji. Zipo kwenye kompyuta, zina rangi zote. Sikutegemea rangi. Kulikuwa na madoa meusi, mengine mekundu kama cheche, na nyuzi nyeupe zinavuta huku na huku. Mtabiri aliangalia mara moja, akaangalia sakafu. Mama mkwe akavaa miwani, akasogeza kiti hadi pua ikakaribia kioo, akamfanya daktari arudi nyuma picha moja.

"Hawa ndio?" akauliza.

Daktari akanitazama. Nikamwambia, "Anauliza kama hayo madoa ndiyo yenyewe."

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Wengi hivi?"

"Wengi. Walikuwa huku, na huku, na nyuma hapa."

"Na wote mmewashusha?"

Daktari alikuwa ameshaingia kwenye treni. "Karibu wote. Wachache nimewaacha kwenye utumbo. Kuwashusha hao kungetaka nikate utumbo wenyewe, na faida isingefikia hatari."

Mama mkwe alivua miwani. Aliifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena. "Mimi nilimwambia ajikaze," akasema, akimwambia daktari, si mimi. "Alikuwa na haya yote tumboni, nikamwambia ajikaze."

Daktari ana akili. Akaendelea na kazi.

Habari zenyewe ni hizi. Uvimbe umetolewa, ovari ya kushoto imepungua lakini ipo. Ya kulia imenasuliwa. Walipitisha dawa ya rangi kwenye mirija ya uzazi: wa kulia umeziba, wa kushoto unapita. Maana yake upande uliokuwa mgonjwa zaidi ndio uliobaki na njia. Ingekuwaje kama ningesema itolewe! Sitaki kuliandika hili kwa kujisifu. Niliamua gizani, na ningeweza kabisa kuwa nimekosea.

"Subirini hedhi moja zaidi, halafu jaribuni," daktari akasema. "Mwaka huu wa kwanza ndio mzuri, kabla tishu hazijafikiria kurudi. Muda ukienda bila kitu, tutazungumza juu ya kurutubisha yai nje ya mwili. Msikae miaka mingine minne mkisubiri."

Mtabiri akafungua mdomo.

"Asilimia sikupi," daktari akamwambia.

Jumapili, 27 Aprili

Imekuja. Nne. Nadhani hivi ndivyo wanavyoumwa watu wengine. Nimekunywa vidonge viwili, nimekwenda sokoni kununua nyanya kwa miguu yangu, nimerudi.

Jumamosi, 3 Mei

Daktari alisema nitarudi kazini nikiweza kukanyaga breki kwa nguvu zote bila kuumia. Nimeketi ndani ya gari la shule, limezimwa, nimekanyaga. Nimekanyaga tena. Mwenye shule alichungulia dirishani akaniuliza nagombana na nani.

Jumatatu, 5 Mei

Kazini. Bwana Mikate ameniletea mikate miwili ya moto, na swali lake.

"Gari limepona?"

Nikaona mtu huyu amezunguka uwanja wa mpira vya kutosha. "Gari halikuwa bovu. Mimi ndiye niliyekuwa naumwa. Nilishikwa na tumbo mle kwenye mzunguko, mguu ukafunga breki wenyewe. Nimefanyiwa upasuaji."

"Kwa hiyo siku ile mimi nilikuwa sawa?"

"Sawasawa."

"Mwalimu! Nimeuota mzunguko ule miezi miwili! Mke wangu amehamia chumba cha watoto kwa mateke!" Alikuwa amekasirika kweli, na alikuwa na haki. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Na sasa umepona?"

"Wanasema tuone."

Akawasha gari, akaelekea uwanjani kama kawaida.

Jumatano, 14 Mei

Mvua zinapungua. Tunajaribu. Sina zaidi la kuandika hapa, maana mama mkwe yupo na kuta ni nyembamba. Mtabiri amenunua redio.

Ijumaa, 23 Mei

Leo ndiyo siku ya kiuno. Nimeamka nikakisikiliza, nimekaa kitandani nimekaza macho kama anayesubiri hodi. Kimya. Nimefundisha watu watatu. Kimya.

Jumapili, 25 Mei

Kimya. Ilitakiwa iwe leo. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 27 Mei

Kimya. Mtabiri ameona ninavyotembea, amenitazama, nami nimemtazama. Amekwenda kazini bila soksi. Mchana amepiga simu kuniambia kwamba hana la kuniambia.

Alhamisi, 29 Mei

Mama mkwe hana macho ya bure. Amenikuta jikoni nimeshika kiuno, si kwa maumivu, nakitafuta tu.

"Pima," akasema.

"Sitaki."

"Utajuaje bila kuona?"

"Miaka yote hiyo, mama, sijawahi kupima. Kiuno kikiuma, hapana. Kisipouma…" Nikaacha hapo kwa sababu kisipouma sikuwahi kufika.

Hakunisukuma. Amekwenda kukunja nguo zake. Mvua zinaisha, anataka kurudi kwake, lakini nguo zile alizikunja jana pia.

Nimejiruhusu kutumaini. Naandika ili nisije kukana baadaye. Nimeshika tumbo mbele ya kioo. Nimechagua chumba. Nimefikiria nitamwambia nani kwanza, na kwa mshangao wangu nimemfikiria yeye.

Jumamosi, 31 Mei

Jua. Kimya.

Jumatatu, 2 Juni

Bwana Mikate amefaulu mtihani. Mkaguzi wa barabarani alimpeleka moja kwa moja kwenye mzunguko wa sokoni. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kama sheria inavyotaka, bila breki yoyote. Aliingia, akazunguka, akatoka, na mguu wangu haukusogea. Aliposhuka alinikumbatia mbele ya mkaguzi, akaniacha na unga begani.

Nikaenda chooni ofisini, nikiwa bado nacheka. Ndipo nikaona damu.

Sikuwa nimesikia kitu. Nilikaa pale nikijisikiliza, nikatafuta maumivu kwenye kiuno, tumboni, kushoto. Hakuna. Sifuri, nesi, namba yako hiyo. Kwa hiyo kile kimya hakikuwa mtoto. Ulikuwa ni upasuaji, umefanya kazi yake vizuri kabisa, umeniondolea maumivu pamoja na yule mpiga hodi niliyekuwa namtegemea. Nilipona, na kupona ndiko kulikonidanganya. Nilichelewa siku chache tu, kama wanavyochelewa wengine.

Nimemaliza kazi. Nimefundisha mwanamke mmoja kurudi nyuma kwenye kona.

Nyumbani Mtabiri alikuwa hajarudi. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua maharage kwenye sinia, sanduku lake limefungwa, lipo mlangoni. Alinitazama nilivyoingia. Nikajua swali linakuja, lile la miaka mitano. Nikaamua kulitangulia ili lisinikute nimesimama.

"Hakuna habari, mama," nikasema. "Imekuja leo."

Mikono yake ikatulia juu ya sinia. Nilingoja aseme haya, tuhamie kwenye bei ya vitu.

"Imekuuma?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo kwanza, hata mimi mwenyewe.

"Haikuuma," nikasema. "Haikuuma hata kidogo." Halafu nikalia, kwa sauti, nimesimama na mkoba begani na unga wa Bwana Mikate bado upo kwenye koti. Nililia kwa ajili ya mtoto, na nililia kwa sababu ilikuwa jioni ya siku ya kwanza ya hedhi na nimesimama kwa miguu yangu. Siwezi kuvitenganisha.

Mama mkwe alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi, akasukuma sinia katikati yetu. Mtabiri aliporudi alitukuta tunachambua maharage. Alitazama nyuso zetu, akaelewa. Akaweka mwavuli chini, akavua koti, akaketi upande wangu wa kushoto. Hakutabiri kitu. Alichukua punje moja iliyotoboka, akaiweka pembeni.

"Mwezi ujao," nikamwambia.

"Mwezi ujao," akasema.

Mama mkwe akanyanyuka, akalivuta sanduku kutoka mlangoni, akalirudisha chumbani.